Nyuki wa Milimani Nao ni Wana wa Visiwa

Wahenga walitufunza kwamba anayefuata nyuki hula asali. Mimi nimewafuata nyuki wa Kipkelion kwa miaka mingi, kwanza kama mwalimu wa Biolojia na baadaye kama mfugaji mwenye mizinga michache nyuma ya nyumba, na asali nimeila. Hata hivyo, kilichonifanya nishike kalamu leo si asali bali ni swali nililoulizwa mbele ya watu nikashindwa kulijibu.

Ulikuwa mkutano wa wazazi katika shule moja iliyo kando ya msitu, upande wa kwenda Londiani. Chama cha wanafunzi cha ufugaji nyuki kilikuwa kimepata mizinga mipya, nayo ilikuwa imekaa miezi kadhaa bila kuingiwa na nyuki hata mmoja. Nilipendekeza tuteremke bonde la Nyando, kule Fort Ternan kwenye joto, tununue makundi ya nyuki na kuyapandisha huku juu usiku kwa gari. Wazazi walipiga makofi. Ndipo mzee mmoja, ambaye babake alitundika mizinga ya magogo katika msitu huo kabla mimi sijazaliwa, akasimama polepole na kusema: "Mwalimu, nyuki wa huku juu ni weusi, na hawana haraka ya kuuma. Wale wa chini wana manjano na ni wakali. Ukiwaleta hapa wakazaana na hawa, nyuki wetu watakuwa wangali nyuki wetu?"

Nilimjibu kwamba nyuki ni nyuki. Watu wakacheka, na mzee akaketi. Nilikwenda nyumbani jioni hiyo nikiwa nimeshinda hoja, lakini moyoni nikijua wazi kwamba swali sijalijibu. Tangu hapo nimesoma kadiri nilivyoweza, na makala haya ndiyo jibu langu kwa mzee yule, ingawa limechelewa. Nawaandikia hasa walimu wenzangu na wanafunzi wao, kwa sababu elimu ya urithi na mageuko ya viumbe, tunayoifundisha kwa mifano ya mbaazi za Mendel na ndege wa visiwa vya Galapagos, ina mfano mzuri ajabu papa hapa nyumbani.

Tuanze na lile ambalo macho ya mzee yalikuwa yameliona. Wataalamu walilitambua rasmi mnamo 1961, pale F. G. Smith, aliyeshughulikia ufugaji nyuki Tanganyika, alipowaeleza nyuki wa milima mirefu kuwa jamii ya peke yake. Aliwapa jina la Kilatini Apis mellifera monticola, yaani nyuki wa asali wakaao milimani. Wenzao wa nyanda zenye joto huitwa scutellata. Monticola ni mkubwa kidogo na mweusi zaidi, si mwepesi wa kushambulia, huweza kutoka kutafuta chakula asubuhi ya baridi, na hupenda kukaa na akiba yake. Scutellata ni mdogo, ana mikanda ya manjano tumboni, ni mkali, na maua yakikauka hakawii kuuhama mzinga.

Mwaka huohuo wa 1961, Louis Leakey alikuwa akichimba pale Fort Ternan, ambako alipata mabaki ya sokwe wa kale aitwaye Kenyapithecus, aliyeishi miaka ipatayo milioni 14 iliyopita. Kwa hivyo sehemu hii yetu si geni katika suala la asili ya viumbe. Tofauti ni kwamba Leakey aliisoma asili katika mifupa, ilhali asili ya nyuki inasomwa katika mwili wa nyuki aliye hai.

Sasa, nyuki hao weusi walifikaje juu ya milima? Mlima Kenya, Elgon, Kilimanjaro na Meru imetenganishwa na nyanda pana zenye joto na ukame. Kwa kiumbe aliyezoea msitu wa baridi na ukungu, nyanda hizo ni sawa na bahari, na kila mlima ni kisiwa. Naam, tunaweza kujifunza mengi juu ya milima yetu kwa kuvitazama kwanza visiwa vya kweli.

Chukua Unguja na Pemba. Kwenye ramani vinaonekana kama ndugu wawili waliolala kando ya pwani. Lakini mkondo wa bahari kati ya Unguja na bara ni wa kina kifupi, na ule wa Pemba ni wa kina kirefu. Zama za barafu zilipofikia kilele, miaka kama 20,000 iliyopita, maji ya bahari yalishuka kwa takriban mita 120. Unguja ikaungana na bara, lakini Pemba ikabaki kisiwa. Mnyama au mdudu wa Unguja, basi, anaweza kuwa mtu wa bara aliyezingirwa na maji juzi tu, ilhali wa Pemba ana historia ndefu zaidi ya upweke. Umbali unaouona leo haukuelezi ni lini ndugu waliachana.

Au chukua Madagaska, ambako yuko nyuki mweusi aitwaye unicolor. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliowalinganisha nyuki wa Madagaska, Réunion, Morisi, Rodrigues, Komoro na Shelisheli kwa kusoma chembe za urithi ambazo kiumbe huzipata kwa mamake pekee. Kwa nyuki jambo hili lina manufaa makubwa, maana kundi zima la mzinga ni watoto wa malkia mmoja: ukimsoma kibarua mmoja umeisoma nasaba ya kike ya mzinga wote. Watafiti waligundua kwamba visiwa hivyo vina tawi lao wenyewe la ukoo wa Kiafrika, tawi lisilopatikana kwingineko. Yaani nyuki hao chimbuko lao ni Afrika, lakini wamekaa mbali muda wa kutosha hata wakawa na nasaba yao.

Turudi milimani. Kwa miaka mingi kulikuwa na maelezo mawili yaliyoshindana. La kwanza lilisema kwamba nyuki weusi wote ni ukoo mmoja wa kale. Zamani za baridi, misitu ya milimani iliposhuka hadi mabondeni, walienea kila mahali. Kisha joto liliporejea wakapanda juu pamoja na msitu, wakaachwa kila kundi kwenye mlima wake. La pili lilisema kwamba hakuna ukoo wa namna hiyo: kila mlima ulijitengenezea nyuki wake kutokana na nyuki wa nyanda zilizouzunguka, na weusi ule ni kazi ya baridi tu.

Maelezo haya mawili yanaweza kupimwa, na hapo ndipo elimu ya jeni inapoingia. Ikiwa la kwanza ni kweli, nyuki wa juu ya Elgon anapaswa kuwa ndugu wa karibu wa nyuki wa juu ya Mlima Kenya, ulio zaidi ya kilomita 300 kutoka hapo, kuliko jirani yake wa manjano aliye chini ya mteremko. Ikiwa la pili ni kweli, undugu wake utakuwa na jirani.

Ramani kamili ya urithi wa nyuki wa asali ilichapishwa mwaka 2006. Urithi huo umepangwa katika kromosomu 16, nazo kibarua anazo jozi, moja ya mama na moja ya baba. Nyuki dume anazo 16 tu bila jozi, kwa kuwa huzaliwa na yai lisilorutubishwa. Wanafunzi hufurahi sana wakiambiwa kwamba nyuki dume hana baba, lakini ana babu. Kwa kuitumia ramani hiyo, Andreas Wallberg, Caspar Schöning, Matthew Webster na Martin Hasselmann walisoma urithi wote wa nyuki wa juu na wa chini, wa upande wa Elgon na wa upande wa Mlima Kenya, wakachapisha matokeo yao mwaka 2017.

Matokeo hayo yalimpa kila mshindani sehemu ya haki yake. Karibu katika urithi wote, nyuki wa juu na nyuki wa chini hawana tofauti ya maana. Wamezaana na wanaendelea kuzaana. Lakini katika sehemu mbili tu, moja katika kromosomu ya 7 na nyingine katika ya 9, tofauti ilikuwa kubwa mno, na nyuki weusi wa milima yote miwili walikuwa na maandishi ya namna moja. Zaidi ya hayo, maandishi hayo ya milimani na yale ya nyandani yamepishana kiasi cha kuonyesha kwamba yaliachana zamani za kale, si jana wala juzi. Katika sehemu ile ya kromosomu ya 7 zimo jeni zinazohusiana na oktopamini, kemikali ambayo mwilini mwa nyuki huchangia katika kujifunza na katika juhudi ya kutafuta chakula.

Mtu atauliza: kama nyuki hawa wanazaana daima, imekuwaje vipande viwili visichanganyike? Mwalimu anaweza kulieleza hili kwa shanga. Tunga nyuzi mbili za shanga zenye rangi zilizopangwa kwa utaratibu mmoja. Kwa kawaida, kila mara viumbe wanapozaana, nyuzi hizi hulala sambamba na kubadilishana vipande, na hivyo ndivyo urithi unavyochanganyika. Sasa ukate kipande cha uzi mmoja, ukigeuze mwisho uwe mwanzo, kisha ukiunge tena. Shanga ni zilezile, lakini haziwiani tena na za uzi wa pili, na mabadilishano katika kipande hicho hushindikana. Dalili zote zaonyesha kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa nyuki wa milimani. Vipande viwili viligeuka zamani, na tangu hapo vimerithishwa kama mizigo iliyofungwa, kizazi hadi kizazi, bila kufunguliwa njiani.

Sasa nina la kumwambia mzee yule. Kwanza, hofu yake ya mchanganyiko ilikuwa na msingi, lakini mchanganyiko wenyewe haukuanza na gari langu. Malkia hupandwa akiwa angani, na nyuki dume wengi, aghalabu zaidi ya kumi, nao hutoka katika mizinga iliyotawanyika kwa kilomita kadhaa. Hakuna mpaka kati ya Fort Ternan na Londiani unaoweza kuzuia harusi ya namna hiyo. Damu ya chini imekuwa ikipanda na ya juu ikishuka tangu zama ambazo hapakuwa na Kipkelion wala Lumbwa, jina ambalo mji huu ulijulikana kwalo zamani.

La pili ndilo lililonishughulisha zaidi. Ikiwa damu zimechanganyika hivyo kwa maelfu ya vizazi, na hata hivyo vile vipande viwili vimebaki karibu safi juu ya milima, basi kuna kitu kinachovichagua upya kila msimu. Kundi la nyuki lisilo na urithi huo, likipanda juu, hushindwa kustahimili baridi, mvua na ukungu, na hufa au huhama. Lenye urithi huo hudumu. Anayemlinda nyuki mweusi, kwa hiyo, si ukoo wake wala si sisi wafugaji. Ni mlima wenyewe pamoja na msitu wake wa baridi. Uondoe msitu, nchi ipate joto, na vipande hivyo vitapoteza faida yake. Nyuki wataendelea kuwapo na asali itaendelea kurinwa, lakini urithi uliohifadhiwa tangu zamani hizo utatoweka pole pole, wala hakuna atakayeuona ukienda.

Hapa ndipo jambo hili linapotugusa sisi wa nchi ya majani chai. Simama juu ya kilima chochote kati ya Kericho na Bomet utazame. Utaona kijani kitupu kinachopendeza macho, lakini kwa nyuki kijani hicho ni bahari isiyo na samaki. Mchai huchumwa majani mawili na chipukizi kila baada ya siku chache, na hivyo haupati nafasi ya kuchanua. Isitoshe, sehemu kubwa ya michai yetu imepandwa kwa vipandikizi vya matawi. Aina maarufu kama TRFK 6/8, iliyotokana na utafiti wa hapa Kericho, ni mmea mmoja uliorudiwa mara zisizohesabika, wenye urithi uleule shamba baada ya shamba. Siubezi mchai, ambao umenisomeshea watoto. Nasema tu kwamba tumezungukwa na bahari ya urithi mmoja, na visiwa vilivyosalia vya urithi wa namna nyingi ni misitu ile ya Londiani, Tinderet na Mau.

Visiwa hivyo vimekuwa vikipungua. Jopo lililoundwa na serikali kuchunguza Msitu wa Mau liliripoti mwaka 2009 kwamba karibu robo ya msitu huo ilikuwa imepotea katika muda wa miaka kama 20. Tulizoea kuyahesabu maji yaliyopungua mitoni kwa ajili hiyo. Hatujazoea kuhesabu hasara ya urithi, kwa kuwa haina sauti.

Nafahamu kwamba yuko msomaji atakayesema kuwa haya ni maneno ya walioshiba, na kwamba mzazi anayetafuta karo hana haja ya kujua kromosomu ya 7. Hoja hiyo ina uzito, nami sitaki kuipuuza. Lakini ni mzazi huyohuyo anayehitaji nyuki watakaotoka mzingani siku ya baridi ili kuchavusha maharagwe na malimao yake, nyuki wasiomfukuza mtoto wake njiani, wasiouacha mzinga mtupu wiki chache baada ya kununuliwa. Nyuki huyo hauzwi dukani. Milima ndiyo iliyomchagua, na tunapewa bure.

Aidha, kuna tofauti kati ya kuchanganyika kwa majirani na kuwahamisha nyuki kutoka mbali. Mwaka 1990 wafugaji wa Afrika Kusini waliwapeleka nyuki wa Rasi kaskazini, katika eneo la scutellata. Vibarua wa nyuki hao wa Rasi wana uwezo wa kutaga mayai yanayokuwa majike bila kupandwa. Waliingia katika mizinga ya wenyeji, wakazaana humo kama kupe, na makundi mengi sana yakaangamia. Nao utitiri aina ya varroa, unaonyonya nyuki na kueneza maradhi, uligunduliwa Kenya mwaka 2009, Madagaska mwaka 2010 na Morisi mwaka 2014. Wadudu hao hawana mabawa. Husafiri juu ya nyuki, na nyuki husafiri mbali kwa mikono yetu.

Kwa hiyo nilirudi katika chama kile cha wanafunzi na kuliondoa pendekezo langu. Tulipaka nta ndani ya mizinga, tukaitundika pembeni mwa msitu mahali penye kivuli na maji, tukangoja nyuki wa papo hapo. Mvua zilipokwisha na miti ikachanua, michache ikaingiwa. Nyuki waliokuja walikuwa weusi. Siwezi kuapa kwa rangi peke yake kwamba ni monticola halisi, maana rangi hudanganya na pembezoni mwa mlima damu zimechanganyika. Lakini walitoka kazini asubuhi ya ukungu nami nikiwa nimejifunika koti.

Walimu wenzangu, somo hili halihitaji maabara kubwa. Waambie wanafunzi waokote nyuki waliokufa mbele ya mizinga ya nyumbani kwao, wapime urefu wa bawa, waandike rangi ya tumbo, mahali na kimo chake kutoka usawa wa bahari. Wa Fort Ternan walete wao, wa mjini Kipkelion wao, na wa Londiani, kulikopita mita 2,000, walete wao. Wakizipanga takwimu hizo kwenye grafu, watakuwa wameanza kazi ileile ambayo wataalamu waliikamilisha kwa mashine za kusoma jeni. Wafundisheni pia kwamba sayansi hujisahihisha. Mwaka 2006 watafiti walidai kwamba nyuki wa asali alitokea Afrika kwanza, na utafiti wa mwaka 2021, uliosoma urithi mwingi zaidi, ukaelekeza kwamba chimbuko lake ni Asia ya magharibi. Hakuna aliyefedheheka kwa kusahihishwa.

Natamani kuona siku ambapo nyuki wa Mau atasomwa na mtoto aliyezaliwa Mau. Taasisi ya icipe, aliyoiasisi Profesa Thomas Odhiambo jijini Nairobi mwaka 1970, ilifungua mwaka 2014 maabara ya kuchunguza afya ya nyuki wa Afrika, kwa hivyo njia ipo. Kilichobaki ni sisi kumpa mwanafunzi sababu ya kuifuata.

Mwacha asili ni mtumwa, na wa kwanza kuikumbuka asili hiyo mkutanoni alikuwa mzee ambaye hakusoma jeni wala kromosomu. Nilimwendea nyumbani kwake nikamweleza haya yote, nikamwomba radhi kwa kicheko cha siku ile. Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza: "Kwa hivyo, mwalimu, wewe unasema tuchunge msitu, nao nyuki watajichunga?" Nikamwambia, ndiyo, mzee, hivyo ndivyo.